Maswali kwa Anko: Wikiendi ya Dublin, pabu ngapi na raundi ni ya nani?

Toleo lililopita nilisema kwa mstari mmoja tu kwamba kama una marafiki, mna siku mbili tatu na mnapenda kukaa baa mkapiga stori, basi Dublin kule Ireland ni mji wa kwenda, maana pabu zake nzuri unazifikia kwa miguu na watu wake wanapenda kuongea. Mstari mmoja! Maswali yamemiminika mpaka mhariri akanipigia simu. Nimechagua haya, mengine yalikuwa yanarudia kitu kile kile na mawili yalikuwa matusi ambayo nimeyasoma kwa furaha. Twende.

SWALI: Anko vipi. Tuko watu watano, tunatua Dublin ijumaa jioni na kuondoka jumapili usiku. Mmoja wetu ameshatengeneza listi ya pabu kumi na nne kwenye simu na anasema lazima zote tuzimalize. Mi naona hii ni adhabu sio starehe. Unasemaje? (Mchovu Kabla ya Safari)

ANKO: Adhabu kabisa, tena ya kujilipia. Mwambie anko kasema afute tisa abakize tano, na hizo tano mzigawe kwa siku mbili. Hebu fikiria, ijumaa na jumamosi pabu ya kawaida Dublin inaacha kuuza saa 6:30 usiku, baada ya hapo mnapewa nusu saa ya kumalizia kilichopo kwenye glasi halafu taa zinawashwa na mnaambiwa kwa upole mkalale, na jumapili ndo mapema zaidi, saa 5:00 usiku. Zipo baa zenye kibali maalum zinakwenda hadi saa 8:30 usiku ila hizo nyingi ni za kudansi na kusukumana. Sasa mkitua jioni, mpange foleni ya pasipoti, msubiri mabegi, mchukue basi la kuingia mjini maana airport ya Dublin haina treni, muoge, mle, hapo mmebakiwa na masaa matatu hivi. Masaa matatu ni pabu mbili. Ukilazimisha nne utakuwa umeona milango minne na vyoo vinne basi.

Zile pabu za zamani raha yake inaanza pale mzee wa meza ya pembeni anapogeuka na kuuliza mmetokea wapi, na hilo halitokei dakika ya tano.

Mimi ningefanya hivi. Ijumaa mpite Temple Bar, kile kitongoji cha baa kando ya mto Liffey upande wa kusini, kwa sababu msipopita kuna mtu kwenye kundi atalalamika mpaka jumapili. Angalieni mawe ya barabarani, pigeni picha, sikieni gitaa, tokeni. Kinywaji pale ni bei ya mgeni, nyie wenyewe mtaona mkilinganisha na pabu za mitaa mingine. Vukeni Dame Street mwende Stag's Head, ipo ndani ya kichochoro cha Dame Court, ya mwaka 1895, vioo vya rangi kama vya kanisani, mbao nyeusi, na juu ukutani kuna kichwa cha kulungu kinawaangalia. Kutoka pale hadi Long Hall kwenye South Great George's Street ni dakika chache, ndani ni nyekundu iliyokoza na vioo vikubwa, hata asiyekunywa anakaa tu kuangalia dari.

Jumamosi mkitaka kuelewa kwanini nasema baa ni ya kukaa, nendeni Grogan's, South William Street. Hakuna TV, hakuna muziki, ni sauti za watu tu na mkate wa kuchoma wenye jibini na nyama ya nguruwe, basi. Halafu Kehoe's karibu na Grafton Street, ile ina kijumba kidogo cha mbao pembeni ya kaunta. Vijumba hivi vipo kwenye pabu nyingi za zamani, kina mlango wake, kibenchi cha watu wachache na kidirisha kinachofunguka moja kwa moja kwenye kaunta, unagonga, kidirisha kinafunguliwa, mkono unaleta pinti (glasi kubwa ya bia), kidirisha kinafungwa. Zamani ndo walikuwa wanakaa wanawake, na yeyote ambaye hakutaka kuonekana na mtaa mzima anakunywa. Mkikikuta kitupu msijiulize mara mbili, ingieni wote watano mbanane.

Ya tano nawapa ya mbali kidogo, John Kavanagh kule Glasnevin, watu wanaiita Gravediggers yaani wachimba makaburi, kwa sababu imepakana na makaburi makubwa ya Glasnevin na wachimbaji walikuwa wateja wake. Ipo tangu 1833, nayo haina TV wala muziki. Nendeni mchana kwa basi, mzunguke kwanza kwenye bustani ya mimea ya taifa pale jirani ambayo kuingia ni bure, halafu ndo mkae.

Ah, na najua listi ya huyo mwenzenu ina Brazen Head juu kabisa kwa sababu kibao chake kinasema 1198. Kibao ni kibao. Jengo mnaloliona leo ni la karne ya 18. Ni pazuri, siwakatazi, ila msiende mkidhani mnagusa ukuta wa karne ya 12.

SWALI: Anko mambo. Sisi tuko sita na kipato hakilingani, wawili wanapokea vizuri, wengine tunaungaunga. Nimesikia kule kila mtu anainunulia meza nzima kwa zamu. Mmoja wetu anakunywa wiski tu tena zile za bei, mwingine pinti moja anakaa nayo masaa mawili. Zamu yangu ikifika si ntaacha nauli ya kurudi pale kaunta? (Mwenye Bajeti)

ANKO: Swali limeulizwa na wengi kuliko yote na nimefurahi, maana safari nyingi za marafiki zinaharibikia mezani.

Iko hivi. Ni kweli, kwa Waayalandi raundi ni jambo zito. Hakuna anayeandika lakini kila mtu anakumbuka. Glasi ya anayekunywa haraka ikibaki na vidole viwili, mwenye zamu anasimama mwenyewe bila kuambiwa, anauliza "wale wale?" na anakwenda kaunta. Unalipa pale pale unapochukua, sio bili mwisho wa usiku. Kosa kubwa ni kunywa raundi tano za wenzako halafu ya kwako ikifika unakumbuka kwamba kesho unaamka mapema. Ukijua unatoka mapema, nunua raundi ya mapema, ya kwanza au ya pili, ukiondoka hakuna wa kukusema.

Sasa kwa kundi la sita tufanye hesabu ambayo watu hawapendi kuifanya. Raundi ikizunguka kamili kila mtu kanywa pinti sita. Pinti ni mililita 568, kwa hiyo hizo sita ni lita tatu na nusu kasoro kidogo za bia kwa kichwa kimoja. Ireland wanahesabu kilevi kwa kipimo cha gramu 10 za alkoholi, na pinti moja ya bia ya asilimia 4.2 ina karibu gramu 19, yaani vipimo viwili kasoro kidogo. Pinti sita ni kama vipimo kumi na moja. Idara ya afya ya huko inamshauri mwanamke asizidishe vipimo 11 kwa WIKI NZIMA na mwanaume 17, na mwili unahitaji kama saa moja kusafisha kipimo kimoja. Kwa hiyo raundi moja tu ya heshima ya kundi la sita, dada wa kundi kamaliza wiki yake ijumaa usiku na kesho asubuhi damu bado haijawa safi. Halafu mtu anaamka anasema sijui nimekula nini.

Dawa ni kugawanyika. Meza moja, raundi mbili tofauti, watu watatu watatu. Na mnagawana kwa mwendo na kwa bei, sio kwa urafiki, yule wa pinti moja masaa mawili anakaa na mwenzake wa polepole, mtu wa wiski za bei anakaa na hao wawili wanaopokea vizuri wakomoane wenyewe kwa wenyewe. Zungusho linakuwa vinywaji vitatu tu, mkitaka mnaongeza, msipotaka mmesimama bila mtu kubaki na deni. Na hata ndani ya raundi ya kawaida, mstaarabu akinunuliwa haagizi kitu cha bei mara mbili ya wenzake, akikitaka anajinunulia siku hiyo.

Njia nyingine ni kuchanga, kila mmoja anatoa kiasi sawa mwanzoni wa usiku, mmoja anashika mfuko. Inafanya kazi kama wote mnakunywa sawa. Kama kuna wa soda inakuwa dhuluma, soda yake inamnunulia mwenzake pinti.

Na ipo ya tatu ambayo watu wanaiogopa bila sababu, kusema tangu mwanzo kabla glasi ya kwanza haijafika, "jamani leo mi najilipia mwenyewe." Mwanzoni hakuna anayekasirika. Katikati ndo inakuwa kesi.

Kidogo pembeni, mambo haya ya kununuliana yaliwahi kuisumbua mpaka serikali. Mwaka 1915 wakati wa vita kuu ya kwanza, Uingereza walipiga marufuku kununuliana vinywaji London na sehemu nyingine, kwa hofu kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wananyweshana mpaka kazi zinalala. Yaani kumlipia rafiki yako bia ilikuwa kosa la kisheria! Mwenye Bajeti ungekuwa na raha sana mwaka ule.

SWALI: Kwani Guinness ya Dublin ina nini cha ajabu? Chupa naijua, nzito na chungu. Na kwanini jamaa wa kaunta wanaijaza nusu halafu wanaiacha? (Mpenda Bia Nyepesi)

ANKO: Ile ya chupa kali unayoijua na ile ya bomba ya Dublin ni vinywaji viwili tofauti kabisa, ya bomba ni asilimia 4.2 tu, nyepesi kuliko rangi yake inavyotisha. Weusi ni wa shayiri iliyokaangwa. Ulaini ni wa gesi. Bia nyingi zinasukumwa na kabonidayoksaidi ambayo ndo inachoma ulimi, hii tangu 1959 inachanganywa na naitrojeni, gesi isiyopenda kuyeyuka kwenye kimiminika, kwa hiyo inatoa viputo vidogo vidogo sana na povu linakuwa zito kama krimu.

Kuijaza sasa. Glasi inalazwa nyuzi 45, bomba linavutwa, inajazwa robo tatu halafu inawekwa kaunta inaachwa. Hapo isogelee uiangalie. Utaona mawimbi ya kahawia yanashuka pembeni ya kioo, kama viputo vinazama badala ya kupanda. Kweli vinazama, pale pembeni. Katikati ya glasi viputo vingi vinapanda vinaivuta bia juu nayo, na bia ikifika juu inarudi chini ikipitia ukutani, inavikokota vile vidogo ambavyo havina nguvu ya kubisha. Ikishatulia, nyeusi chini na nyeupe juu, ndo inamaliziwa mpaka povu linainuka kidogo juu ya ukingo. Kampuni yenyewe inasema zoezi zima ni sekunde 119.5, ile nusu sekunde nadhani ni matangazo.

Maana yake kwako ni hii, zamu yako ikifika taja Guinness KWANZA kabla ya vinywaji vingine vyote, jamaa ataziweka zitulie huku anachukua vingine. Ukizitaja mwisho umesimamisha kaunta nzima na watu wa nyuma watakuchukia kimya kimya. Na usipige vidole wala kupunga noti, hakuna mstari unaouona lakini wao wanajua nani kafika kabla ya nani.

Ukitaka historia, Arthur Guinness alisaini mkataba wa kupanga pale St. James's Gate mwaka 1759, miaka 9,000 kwa pauni 45 kwa mwaka. Nimerudia kusoma hiyo namba na bado inanichekesha. Siku hizi kuna jumba la maonyesho la ghorofa saba, juu kabisa kuna baa ya vioo unaona mji wote, ila kata tiketi kabla na nenda asubuhi.

Kama bado hutaki nyeusi, agiza saida, pombe ya matufaha, wanaimimina kwenye glasi ya barafu. Na ukiona bomba la Beamish au Murphy's, hizo ni stauti, yaani bia nyeusi, za mji wa Cork, jaribu ulinganishe, ila usitangaze kwa sauti kwamba umezipenda zaidi.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi sinywi pombe, ni imani yangu, lakini marafiki zangu wa chuo wameniomba sana niende nao na nawapenda. Naogopa kuwa yule mtu anayeangalia saa. Na nguruwe pia sili. (Binti wa Maji na Soda)

ANKO: Marahaba mwanangu. Nenda. Watu wanadhani Ireland kila mtu anakunywa, kumbe ni nchi yenye historia ndefu ya wasiokunywa. Mwaka 1838 padri Theobald Mathew alianzisha Cork kampeni ya watu kuapa kuacha pombe na ikasambaa nchi nzima, halafu 1898 hapo hapo Dublin padri Mjesuiti James Cullen akaanzisha chama cha Pioneer, wanachama wake hawaonji kabisa na wanavaa beji ndogo kifuani. Kwa hiyo mtu anayesema "mi sinywi" kwenye pabu ya Dublin hajatokea mwezini.

Vinywaji vipo. Bia zisizo na kilevi ni kawaida siku hizi, hata Guinness wana ya 0.0, pabu nyingi inatoka kwenye bomba kabisa (kama imani yako inakukataza hata hiyo basi iache, soda hazijaisha). Muulizie limonadi nyekundu, soda ya kienyeji ya huko, ni tamu, ina rangi ya ajabu na ukiwa nje ya Ireland huipati kirahisi. Wenzako wanajaribu vya mji na wewe unajaribu cha mji.

Kwenye nguruwe ndo uwe macho kweli. Ile supu maarufu ya Dublin inayoitwa coddle ni soseji na vipande vya bekoni pamoja na viazi, na mkate wa jibini wa kuchoma mara nyingi una nyama yake ndani, ulizia usio na nyama. Wenyeji wana mchuzi wa kondoo na viazi, na samaki wapo. Kuna jambo lingine linawakuta wageni wengi, pabu nyingi za zamani hazipiki kabisa, na zinazopika jiko linafungwa mapema, saa 3 usiku unaambiwa zimebaki krisps tu. Kaleni kwanza kwenye mgahawa, hasa hao wanywaji wako.

Kuhusu raundi, soma jibu la Mwenye Bajeti hapo juu na uwasomeshe na wao. Saa ya kuangalia saa ikifika, mwenye haki ya kusema "tunaondoka" ni wewe, tena wewe ndo utakuwa unakumbuka hoteli iko wapi.

SWALI: Tukitaka kuonja wiski, twende kiwanda gani? Tuna muda wa kimoja tu. (Wawili Wasiokubaliana)

ANKO: Inategemea mnataka kuona nini. Jameson wana jumba lao Bow Street, mtaa wa Smithfield, walianzia pale 1780, lakini utengenezaji pale uliisha 1971 na leo wiski yenyewe inatengenezwa Midleton, Cork. Mnachopata Bow Street ni historia, maelezo mazuri na kuonja. Mkitaka kuona mitungi ya shaba inachemka na kusikia harufu ya nafaka nendeni Teeling, mtaa wa Liberties, kilifunguliwa 2015 kikiwa kiwanda kipya cha kwanza cha wiski mjini Dublin kwa zaidi ya miaka 125. Mi ningechagua chenye moto.

Kisheria wiski ya Ireland lazima ikae kwenye mapipa ya mbao angalau miaka mitatu, ndani ya kisiwa hicho hicho, na isipungue asilimia 40. Na angalieni kitu kimoja, kipimo cha pabu kule ni mililita 35.5 wakati Uingereza cha kawaida ni 25, kwa hiyo aliyezoea kuhesabu tot za London akifika Dublin hesabu inamdanganya, tatu za Dublin ni nne na zaidi za London. Matone ya maji kwenye glasi sio ushamba, wenyewe wanafanya.

SWALI: Nataka kusikia muziki wa asili wa kweli sio wa watalii. Na mi napiga ngoma, naweza kujiunga? (Mkono Mwepesi)

ANKO: Nenda Cobblestone, Smithfield. Wanamuziki wanakaa kwenye kona karibu na dirisha, hawana jukwaa, hawana maiki, fidla, filimbi, kodiani, mmoja anaanza na wengine wanaingia. Mwaka 2021 kuna mradi wa hoteli uliotaka kujengwa juu na pembeni ya pabu hiyo, watu wakaandamana na vyombo vyao barabarani na halmashauri ya jiji ikaukataa, hapo ujue wanavyoipenda. Nyingine ni O'Donoghue's, Merrion Row, ambapo kundi la The Dubliners lilianzia miaka ya 60.

Kujiunga, taratibu. Zile siti za kona ni za wapigaji hata kama ziko wazi, usikae. Sikiliza nyimbo kadhaa, kikatokea kituo, muulize mmoja kwa adabu. Ngoma ndo chombo kinachoogopwa kuliko vyote, wana ngoma yao ya mkono inaitwa bodhrán na mpigaji mmoja anatosha, wawili ni vurugu. Wakikukubali, piga chini chini. Na akitokea mtu akaimba peke yake bila ala, pabu nzima inanyamaza, hata anayelipa anasubiri chenji bila kuhema. Wewe na kundi lako mnyamaze pia, ukimwona mtu anakuangalia kwa jicho la pembeni ujue umeshachelewa.

SWALI: Anko nijibu haraka haraka: viza ya Schengen inafaa? Sigara ndani? Bakshishi? Tunaweza kununua pombe dukani tukanywe hotelini au mtoni? Mdogo wangu wa miaka 17 aje? (Mwenye Haraka)

ANKO: Schengen haifai, Ireland iko Umoja wa Ulaya na wanatumia euro lakini hawamo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kama pasipoti yako inadai viza basi ni viza ya Ireland yenyewe, na ianze mapema. Sigara nje, tangu Machi 2004, walikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku uvutaji sehemu zote za kazi za ndani pamoja na pabu, na huko nje mlangoni ndo stori nzuri zinapopigwa kwahiyo hata wasiovuta wanatoka. Bakshishi kaunta haitegemewi, mezani ukihudumiwa chakula asilimia 10 hivi inatosha. Dukani pombe inauzwa saa 4:30 asubuhi hadi saa 4:00 usiku, jumapili inaanza saa 6:30 mchana, na tangu Januari 2022 kuna bei ya chini ya lazima kwa kila gramu ya kilevi, msitegemee za kutupwa. Mtoni au barabarani hapana, sheria ndogo za jiji zinakataza. Wa miaka 17 asije. Miaka 18 ndo umri, chini ya hapo saa 3 usiku anatakiwa awe ametoka (kiangazi saa 4), na utamfanya mtu mzima mmoja akae naye hotelini.

SWALI: Jumapili tunataka kukodi gari asubuhi twende pwani kabla ya ndege ya usiku. Na chupa za wiski za zawadi tunabebaje? (Dereva wa Kundi)

ANKO: Umejiita dereva wa kundi, je jumamosi utakunywa? Kama jibu ni ndio basi gari liache. Kiwango cha huko ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, kwa mwenye leseni mpya au dereva wa kazi ni 20, na polisi wanasimamisha magari na kupima watu hata asubuhi. Umelala saa 8 usiku na pinti zako tano, saa 3 asubuhi unajisikia mzima, kahawa umekunywa, umeoga, mashine haijali.

Chukueni treni ya DART mpaka Howth, nusu saa hivi kutoka katikati ya mji, kijiji cha wavuvi chenye bandari, mkibahatika mnawaona sili, wale wanyama wa baharini, wanazunguka wakisubiri mabaki ya samaki. Kuna njia ya miguu juu ya majabali, upepo unakupiga usoni mpaka kichwa kinakuachia, mkirudi mnakula samaki na chipsi mkiwa mmekaa ukutani huku mmoja wenu anafukuza shakwe. Nunueni kadi ya Leap ya wageni, inahesabu mabasi, tramu za Luas na hiyo DART, ipo ya siku moja, tatu na saba.

Chupa wekeni kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege, mzivingirishe kwenye nguo chafu, zikiwa hazijafunguliwa. Za kati ya asilimia 24 na 70 mwisho ni lita 5 kwa mtu, zaidi ya 70 haziruhusiwi kabisa. Mkinunua baada ya ukaguzi pale airport, na mnabadilisha ndege sehemu nyingine, hakikisheni muuzaji ameitia kwenye ule mfuko uliofungwa kwa lakiri na risiti ndani, na msiufungue njiani hata mmoja wenu akiomba vipi.